Kumjengea Mzungumzaji wa Kihindi Msamiati wa Juu wa Kiingereza

Mwanafunzi unayemlenga hapa anasoma gazeti la Kiingereza bila taabu, ila hukwama akiandika barua rasmi au akijiandaa kwa mitihani ya India kama SSC (wa ajira za serikali) na CAT (wa kuingia vyuo vya usimamizi wa biashara). Kwa kawaida huja na daftari la mamia ya maneno, kila neno na maana yake ya Kihindi pembeni. Anzia kwenye daftari hilo, maana ndilo linalomkwamisha.

Hatua ya 1: Tenganisha maneno yaliyopewa maana moja

Utakuta "abolish", "exhaust", "eradicate" na "terminate" yote yameandikiwa "khatm karna", yaani kumaliza. Si uongo, lakini mwanafunzi huyo ataandika kwamba bunge lime-"exhaust" sheria. Mwambie akusanye maneno yote yenye maana hiyo, kisha kila moja aliandikie majina (nomino) matatu linayoandamana nayo. "Abolish" huenda na sheria, kodi, utumwa. "Eradicate" huenda na ugonjwa, umaskini, rushwa. "Exhaust" ni akiba, subira, hoja. "Terminate" ni mkataba, ajira, mimba. Ukimaliza hapo, fanya vivyo hivyo kwa "rokna" (kuzuia) na "dikhana" (kuonyesha), ambayo nayo yamebeba mzigo mkubwa. Maana ya Kihindi ifutwe baada ya majina matatu kuandikwa, si kabla.

Hatua ya 2: Kadi ya kukariri ibebe neno na kihusishi chake

Kihindi kina "se", inayofanya kazi za "from", "with", "by", "than" na "since". Kuoa na kuogopa vyote huchukua "se", ndiyo maana husikika "married with" na "afraid from". Kwenye maneno ya juu kosa hili huzidi, kwa kuwa mwanafunzi hajayasikia mara za kutosha. Basi isiwepo kadi ya "devoid" peke yake. Iwe "devoid of", na vivyo hivyo "averse to", "prone to", "comply with", "refrain from".

Mbele ya kadi weka sentensi kamili yenye pengo la neno pamoja na kihusishi, ukiacha herufi ya kwanza tu. Bila herufi hiyo atajibu neno jingine lililo sahihi, na hutajua kama analikumbuka ulilokusudia.

Angalia pia vitenzi vyepesi, vile ambavyo maana yao hubebwa na nomino iliyo navyo. Mhindi "hula" dawa na "huona" ndoto, naye anayefanya mtihani "huutoa". "Give an exam" imeenea India nzima, na kuipiga vita kwenye mazungumzo ni kupoteza muda. Isahihishe kwenye maandishi ya wasomaji wa nje.

Hatua ya 3: Asiandike matamshi kwa Devanagari (herufi za Kihindi)

Herufi moja, व, huandikia "v" na "w", hivyo "wary" na "vary" hufanana kabisa. "Z" hutengwa na "j" kwa nukta chini ya herufi, na watu wengi hawaiweki. Hapo "zealous" na "jealous" huwa neno moja, na maana huchanganyika pia. Atumie sauti ya kamusi, asome kila jozi ndani ya sentensi.

Hatua ya 4: Viambishi alivyozaliwa navyo

"Antar-" ya "antarrashtriya" ni "inter-" ya "international". "Punar-" hufanya kazi ya "re-", "bahu-" ya "multi-", na "a-" hukanusha. Atafute maneno matano ya Kihindi kwa kila kiambishi, kisha ya Kiingereza. Mtahadharishe mapema kuhusu "invaluable", ambayo maana yake si "isiyo na thamani", na "inflammable", ambako "in-" haikanushi.

Hatua ya 5: Uzito wa neno

Anajua tayari kwamba, kwa maana ya msaada, "madad" ni ya nyumbani na "sahayata" ni ya tangazo la serikali. Kila kadi ipewe alama: mazungumzo, ofisi, au maandishi tu. Hapo ataacha kumwandikia rafiki "commence".

Ratiba

Maneno 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Marudio yawe siku ya 1, 3, 7, 14 na 30. Kadi iliyoshindikana mara mbili ibadilishiwe sentensi, kwani mara nyingi sentensi ndiyo mbovu. Siku ya 30 aandike aya ya maneno 120 yenye maneno sita aliyojifunza; lolote lililokaa vibaya lirudi siku ya 1.