Ukikuta Alama ya Upimaji Usiyoijua Uani Kwako

Jambo la kwanza, na ambalo nalisisitiza kuliko yote, ni kutoing'oa alama hiyo wala kuisogeza, kwa kuwa katika nchi nyingi kuharibu alama ya upimaji ni kosa la jinai, na bikoni (alama ya kudumu ya mpaka wa kiwanja) iliyohamishwa hata kwa shubiri moja inaweza kuzua ugomvi wa mpaka utakaodumu miaka.

Ichunguze ilivyo. Kigingi cha mbao chenye utepe au rangi kwa kawaida ni cha muda, na mara nyingi huonyesha kazi inayokuja, kama vile kuchimba mtaro wa bomba au kujenga uzio wa jirani. Nondo iliyozungushiwa zege, au kisahani cha chuma chenye namba, huwa ni alama ya kudumu ya mpaka au ya mtandao wa upimaji (alama ambazo wapima ardhi huanzia vipimo vyao), na huenda ilikuwapo kabla yako, imefunikwa tu na nyasi. Ipige picha, nakili kila herufi na namba, kisha pima umbali wake kutoka kwenye kona ya nyumba.

Linganisha vipimo hivyo na ramani ya upimaji ya kiwanja chako. Waulize majirani kwa upole kama wamemwita mpima, kisha uende ofisi ya ardhi na zile namba. Zisipotambulika, ajiri mpima ardhi mwenye leseni, na umwombe taarifa ya maandishi kabla hujajenga chochote karibu na hapo.