Kuomba leseni ya moramu huku umeshapanga shimo liwe lambo: fanya hivi usipoteze miezi kama mimi

Nimemaliza juzi juzi huku Singida, naandika bado nakumbuka vizuri. Kama unataka kuchimba moramu au changarawe ya barabara na shimo libaki kuwa lambo la kunyweshea mifugo, lambo liingie kwenye karatasi ya kwanza kabisa. Mimi niliomba uchimbaji kwanza nikasema la maji tutalipanga baadaye, na hiyo baadaye ndo ilinimaliza.

Kujisajili kwenye mfumo wa Tume ya Madini, kitambulisho, TIN, kontroo namba, hayo mnayajua. Unachoomba ni leseni ya uchimbaji mdogo, inadumu miaka 7, na ukikwama ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa mkoa wako ndo ya kuanzia.

Pa kutuliza kichwa ni kijijini. Ardhi ikiwa ya kijiji unapita halmashauri ya kijiji, afu mkutano mkuu, afu unapewa muhtasari wenye mihuri. Muhtasari wangu uliandika "wameridhia uchimbaji wa moramu" basi. Nilipokuja kuulizia kibali cha maji nikaambiwa haioneshi kama wanakijiji wamekubali shimo libaki wazi, wala lambo litakuwa la nani, wala nani atalitunza. Mkutano mkuu wa kawaida unakaa kila baada ya miezi 3 na wa mwisho ulikuwa umepita wiki mbili nyuma, nikasubiri na kijiko, ile mashine ya kuchimbia, nimeshakilipia advansi. Kwa hiyo muhtasari wako useme yote: uchimbaji kwa awamu, shimo namba ngapi linabaki lambo, mwenyewe nani, kamati ya maji ya nani, mifugo itapitia wapi. Usome mwenyewe kabla hawajagonga muhuri.

Halafu koodineti. Uliza kwanza mfumo wa Tume unataka datamu ipi (msingi wa vipimo ambao koodineti zinahesabiwa kutoka kwake), Arc 1960 au WGS84, maana simu na GPS nyingi zinakupa WGS84 na ukiziingiza kama Arc 1960 eneo lako linahama kama mita 300. Aliyenipimia mimi hakusema, na eneo likaangukia mashamba ya watu. Pia kaa mbali na mto au chanzo cha maji, sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60, usije ukapanga lambo kwenye kingo za korongo ukidhani ndo maji yatajaa haraka.

Ukishapata leseni una miezi 4 ya kupeleka mpango wa utunzaji wa mazingira. Hapa ndo uchore awamu. Eneo langu tuligawa vipande vitatu, tukaanza na cha chini kule maji ya mvua yanakoelekea, maana hicho ndo lambo. Udongo wa juu weka peke yake, mfinyanzi weka peke yake, msichanganye. Mkihamia kipande cha pili udongo wake wa juu unaenda moja kwa moja kwenye kingo za kipande cha kwanza, hamlipi tipa mara mbili kubeba udongo uleule. Kati ya kipande na kipande acha ukuta usiochimbwa, la sivyo mvua ya kwanza inafurika mpaka mnapochimbia.

Kina kipigie hesabu kabla. Ng'ombe 200 kwa lita 30 kwa siku ni lita 6,000, kiangazi cha siku 200 hiyo ni mita za ujazo 1,200, na hapo jua hujalihesabu, ambalo huku linakula zaidi ya mita 1 ya maji kiangazi kimoja. Sasa moramu kwetu iliishia kama mita 2, ukiacha hapo Septemba unakuta tope. Inabidi kijiko kishuke tena mpaka mita 4 kwenye udongo ambao hauuziki, kwa hiyo hela ya dizeli ya kazi hiyo itenge kwenye mauzo ya awamu ya kwanza, usingoje ya mwisho. Na moramu inavuja, chini shindilia mfinyanzi au udongo wa mbuga (ule mweusi unaonata), tabaka kwa tabaka ukiwa na unyevu.

Kibali cha maji ni cha bodi ya maji ya bonde, kwetu Bonde la Kati. Nenda na mchoro mapema, kabla kijiko hakijashuka, wakuoneshe pa kuweka utoro wa kumwaga maji yakizidi na kashimo ka kutuliza mchanga pale maji yanapoingilia. Nilichelewa kwenda, utoro ukahamishwa upande wa pili, tukachimba upya.

Kingo zilaze, kwa kila mita 1 ya kina rudi nyuma mita 3. Mbauti za kunyweshea ziwe nje ya lambo, ng'ombe wasiingie ndani. Na minyaa ya uzio ipandwe mapema, awamu ya kwanza ikiwa bado inaendelea, mpaka ikue weka miiba, kwa sababu watoto wa kijiji wanayafuata maji siku ileile yanapotuama na shimo lenye kingo za wima mtoto hatoki. Sisi miiba tuliizungusha kabla ya mvua ya Novemba, na zamu ya kuangalia uzio ikaandikwa kwenye muhtasari wa pili pamoja na majina ya kamati.