Kuendesha kipindi cha mapishi bila vurugu: mwongozo kwa mwalimu wa mazoezi

Mwalimu wa mazoezi niliyekuwa namlea hapa Dodoma alikuwa na andalio la somo zuri, lakini wanafunzi walizurura jikoni kama wako mnadani Msalato. Tulikaa tukapanga upya. Utaratibu tuliofikia ndio huu.

Hatua ya 1: Pishi

Anza na ugali wa uwele na mlenda mkavu. Wengi wanaujua kutoka nyumbani, unaiva upesi, na vipindi viwili mfululizo ni dakika 80 tu. Pilau isubiri.

Hatua ya 2: Maji

Jaza ndoo asubuhi. Bomba la Dodoma usiliwekee dhamana.

Hatua ya 3: Makundi

Hapa ndipo kipindi kinapopona au kinapoharibika, kwa hiyo nenda nami taratibu. Vurugu nyingi za jikoni huanza maji yanaposubiriwa yachemke. Mtoto asiye na kazi dakika hizo atashika kisu, atafunua sufuria ya jirani, atachungulia simu ya mwalimu.

Weka watano kwa kila jiko: mpishi, msaidizi, mtunza moto, mtunza muda na msafi. Andika majina ubaoni kabla hawajaingia. Kila mmoja awe na kazi ya dakika za kusubiri: msaidizi anachekecha unga, msafi anaosha vyombo vilivyokwisha kutumika, mtunza muda anaandika maji yamechemka saa ngapi.

Sasa angalia haya. Wasichaguane wenyewe, maana marafiki watapika soga. Usiwape wasichana mwiko na wavulana ndoo. Zungusha kazi wote wazipitie. Lakini usizungushe ugali ukiwa motoni: unaruka, na kupokezana mwiko juu ya sufuria inayotokota ndiko kunakounguza mikono. Badilisha kipindi kijacho. Mwanafunzi hodari kuliko wote usimfanye mpishi. Mfanye mtunza muda, ataona kila kitu na wenzake watajifunza kupika. Asipokuja mtu, kazi yake aichukue msafi, kamwe si mtunza moto.

Darasa likiwa na wanafunzi 60 na majiko sita, nusu wapike, nusu wasimame nyuma na karatasi ya kukagua: usafi, usalama, mpangilio. Bila karatasi mkononi hao wa nyuma watakuwa watazamaji wa mpira.

Hatua ya 4: Moto

Mimi ni wa gesi, mtungi wa kilo 6. Mkaa unakula kipindi kabla haujashika, na ukiwashwa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu. Ukiwa na mkaa tu, pikia nje, upande uliokingwa na upepo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini, hivyo fungua milango, si madirisha ya juu pekee. Ikivuja, usiwashe wala usizime swichi ya umeme.

Mafuta yakiwaka, funika kwa mfuniko, zima jiko, usimwage maji. Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Bomba likikauka, mimina ya ndoo kwa kata. Dawa ya meno hapana.

Hatua ya 5: Ishara

Usipaze sauti. Sufuria zina kelele kukuzidi. Inua mkono na useme mara moja, "Visu chini." Kisu kinawekwa mezani kwanza, ndipo wanakutazama. Ila usitoe ishara hiyo mtu akiwa amebeba sufuria ya moto, msubiri aitue.

Hatua ya 6: Kufunga

Dakika 15 za mwisho ni za usafi. Hakuna kuonja mpaka jiko limezimwa na meza imefutwa. Daftari la mtunza muda likusanye kabla hawajaanza kula, maana wakishashiba hutalipata.