Somo: Kupima ucheleweshaji wa keneli ya wakati halisi kabla hujaikabidhi mashine

Habari zenu wakuu. Somo hili nimekuwa nalo kichwani tangu mwenzetu mmoja aharibu ubao wa mninga dakika ya arobaini ya uchongaji. Mashine yake ya CNC (ya kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta) inaendeshwa na programu ya LinuxCNC kwenye kompyuta ya mezani iliyokwishatumika. Alikuwa amepima ucheleweshaji wa keneli, yaani moyo wa mfumo wa Linux, tena akapata wastani mzuri. Huo wastani ndio uliomponza.

LinuxCNC kwa kawaida huamsha uzi wake (thread, sehemu ya programu inayojiendesha kwa zamu yake) wa kuongoza mota kila milisekunde 1. Uzi ukichelewa kuamka, amri nayo inachelewa kufika kwenye mota. Wastani wa maikrosekunde 8 haukuambii lolote kuhusu ile mara moja uzi ulipochelewa 900. Kwa hiyo tunatafuta namba moja tu: kuchelewa kukubwa kuliko kote, kompyuta ikiwa imeelemewa na kazi.

Hatua ya 1: Jua keneli uliyonayo

PREEMPT_RT, yaani kinachoifanya keneli ya Linux kuwa ya wakati halisi (RT), ilikaa karibu miaka 20 kama viraka vya pembeni. Tangu Linux 6.12 ya mwaka 2024 imo ndani ya keneli kuu kwa x86, ARM64 na RISC-V, lakini kuwemo si kuwashwa. Kwenye Debian sakinisha `linux-image-rt-amd64`, washa upya, kisha:

`uname -v`

Lazima uone PREEMPT_RT. Ukiona PREEMPT_DYNAMIC, bado uko kwenye keneli ya kawaida.

Hatua ya 2: Zana

`sudo apt install rt-tests stress-ng`

Hatua ya 3: Anza na chuma chenyewe

Wengi huiruka hatua hii, kisha wanahangaika na keneli wiki nzima bure. Kompyuta za x86 (za Intel na AMD) zina intarapti, yaani ishara za kuikatiza prosesa, ziitwazo SMI, zinazoshughulikiwa na femwea (programu iliyomo ndani) ya ubao mama. Keneli haiwezi kuzizuia. Muda huo prosesa imechukuliwa, na Linux haijui kilichopita.

`sudo hwlatdetect --duration=600 --threshold=10`

Usiendeshe amri hii wakati mashine yako ya kuchonga iko kazini, maana kipimo hiki chenyewe hufunga intarapti karibu nusu ya kila sekunde. Ikikuonyesha mapengo makubwa, ingia BIOS: zima kuokoa umeme, na jaribu kuzima uigaji wa kibodi za USB. Yakibaki, badilisha kompyuta. Nasema hivi kwa moyo mzito kwa sababu najua bei zake, lakini hakuna mpangilio wa keneli utakaoliponya hilo.

Hatua ya 4: Elemeza, kisha pima

Teminali ya kwanza:

`stress-ng --cpu 0 --vm 2 --vm-bytes 256M --hdd 1`

Fungua na `glxgears`, kwa sababu kadi ya picha huleta ucheleweshaji ambao stress-ng hiyo haiugusi. Teminali ya pili:

`sudo cyclictest -m -S -p 80 -i 200 -h 400 -q -D 6h`

Inavyofanya kazi: kila uzi unaomba kuamshwa saa fulani, ukiamka unatazama saa, na tofauti ndiyo ucheleweshaji. Humo mna safari nzima, kuanzia taima na intarapti hadi mpanga ratiba (sehemu ya keneli inayogawa zamu) kuupa uzi prosesa. `-m` inafunga kumbukumbu isihamishiwe diskini, `-S` inaweka uzi mmoja kwa kila kiini cha prosesa, na `-p` ni kipaumbele. Weka kipaumbele kilekile cha programu yako. Nyuzi za intarapti kwa kawaida zina 50, hivyo ukipima kwa 80 huku programu yako ina 40, umepima mtu mwingine.

Saa 6 kwa mwendo huo ni mizunguko milioni 108 kwa kila kiini. Dakika 5 hazitoshi, kwa sababu tukio baya huenda likatokea mara moja usiku mzima.

Mwishoni nenda moja kwa moja kwenye mstari wa `Max Latencies`, kisha `Histogram Overflows`. Overflows isiwe zaidi ya sifuri. Ikizidi, kuna vipimo vilivyovuka 400.

Hatua ya 5: Mkamate mkosaji

`sudo rtla timerlat top -a 60`

Hii inasimama pale ucheleweshaji unapofika maikrosekunde 60 na kukuhifadhia kumbukumbu ya kilichotokea. Inatenganisha kuchelewa kwa intarapti na kuchelewa kwa uzi. Intarapti ikichelewa, shuku chuma au sehemu ya keneli iliyofunga intarapti. Intarapti ikiwahi lakini uzi ukachelewa, tazama nani mwenye kipaumbele kikubwa zaidi alikuwa anashika prosesa.

Maswali

*Mkuu, keneli ya kawaida imenipa wastani mdogo kuliko ya RT. Nimekosea wapi?*

Hujakosea, ndugu. RT inalipa gharama kidogo kila mara ili isichelewe sana hata mara moja. Linganisha Max zao chini ya mzigo uleule.

*Naweza kupimia ndani ya mashine pepe kwenye laptopu yangu?*

Kujifunza amri, sawa. Matokeo usiyatumie: mfumo mwenyeji unaweza kuisimamisha mashine pepe wakati wowote, na utakuwa unapima yote mawili.

*Cyclictest inanipa Max 35, lakini programu yangu inaona zaidi ya 150. Kipi kinadanganya?*

Swali zuri sana, na limewatesa wengi. Hakuna kinachodanganya. Cyclictest ikianza huandika 0 kwenye `/dev/cpu_dma_latency`, kwa hiyo prosesa haiingii usingizi mzito. Programu yako haifanyi hivyo, prosesa inalala, na kuamka kunakula muda. Fungua faili hilo mwanzoni mwa programu, andika 0 kama namba kamili ya biti 32, na usilifunge hadi programu iishe. Ukilifunga tu, ombi linafutika. Hakikisha pia umeita `mlockall`, inayofunga kumbukumbu kama ile `-m`. Ukishafanya hayo pima tena usiku kucha, utuletee Max ya kila kiini.