"Most of whom", si "most of them were"

Ukiandika ripoti ya Kiingereza, epuka sentensi kama "We interviewed 40 farmers, most of them were women." Hizo ni sentensi mbili kamili zilizounganishwa kwa mkato tu, na msahihishaji makini hataiacha ipite. Andika "We interviewed 40 farmers, most of whom were women."

Kwa vitu tumia "which": "The district has 12 boreholes, three of which are dry." Kiasi kinatangulia, "of" inafuata, ndipo "whom" au "which". "That" haikai hapo kamwe. Namba, asilimia, "half", "none", zote zinakubali mpangilio huo. Ukipenda kubaki na "them", ondoa kitenzi: "40 farmers, most of them women". Hiyo nayo ni sahihi kabisa, tena fupi.