Bendi changa mnaojitegemea: msifanye mazoezi ya nyimbo tu, fanyeni mazoezi ya shoo

Wakuu, siku hizi Dar, Arusha, Mwanza kila ukigeuka kuna bendi mpya, haina lebo wala mfadhili, ni washkaji wanne watano wamechanga hela wakanunua vyombo, na nyimbo nzuri wanazo. Ila ukienda kwenye shoo yao unaona kabisa jamaa wamefanyia mazoezi nyimbo, shoo yenyewe hawajaigusa. Wimbo unaisha, kimya, mpiga solo anainama kutyuni gitaa, mwimbaji anasema "eeeh, mpo?", mpiga dramu anauliza unafuata upi. Hapo watu washarudi kwenye simu zao, na mtu akisharudi kwenye simu kumtoa tena ni kazi.

Kwa hiyo anzeni na hilo. Zikibaki wiki mbili kabla ya shoo acheni kurudia wimbo mmoja mmoja, pigeni seti nzima mwanzo mpaka mwisho, mmesimama, na mtu akikosea msisimamishe, songeni nayo hivyohivyo maana jukwaani hakuna kurudia. Wekeni simu kona ya mbali ya chumba irekodi afu sikilizeni kesho yake mkiwa mmetulia. Mtasikia gitaa linamfunika mwimbaji, mtasikia besi na dramu kila mtu ana safari yake, lakini kubwa sikilizeni pale kati ya wimbo na wimbo. Ikipita sekunde kama kumi hakuna anayeongea na hakuna chombo kinacholia, hapo pana shimo, lizibeni. Nyimbo mbili za ki moja, yaani zinazoimbwa kwenye sauti ileile, ziunganisheni moja kwa moja. Au mpiga tumba asikate, aendelee kupiga peke yake wenzake wakijipanga. Au kibodi ashike kodi moja, yaani noti kadhaa kwa pamoja, mwimbaji aongee juu yake, maneno mawili matatu tu, sio hotuba.

Orodha ya nyimbo sasa. Mkipewa dakika 45 msijaze nyimbo kumi na mbili, nyimbo saba zinatosha kabisa, maana ule wimbo wa dakika nne studio ukiingia sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, mbele ya watu unafika sita na hakuna anayeangalia saa. Iandikeni kwa maka peni, herufi kubwa, kila mtu nakala yake, bandikeni chini kwa tepu. Na mkubaliane mapema muda ukiwabana ni wimbo upi unakatwa, sio mnaanza kubishana pale mbele za watu. Kuhusu kopi, yaani nyimbo za wengine: mkipiga baa pigeni kopi, haina aibu, watu wa baa wanataka kitu wanachokijua, ila ipigeni kwa mtindo wenu na mkimaliza ingieni moja kwa moja kwenye wimbo wenu kabla watu hawajakaa chini.

Nasema mtindo kwa sababu wazee wa dansi walituacha mbali kwenye hili. NUTA Jazz ilianza 1964, ikaja kuitwa JUWATA, ikaitwa OTTU, majina yote hayo yalipita, kilichobaki ni mtindo wao na ndio jina la bendi mpaka leo, Msondo Ngoma. Mlimani Park nao, bendi ya 1978, mtaani watu wanasema Sikinde tu basi, jina la mtindo wao. Western Jazz walikuwa na mtindo wa Saboso. Shabiki alikuwa mtu wa Msondo au mtu wa Sikinde kama alivyo mtu wa Simba au Yanga, na alijua siku gani bendi yake inapiga ukumbi gani, hakuhitaji tangazo. Nyie leo mnapiga Kinondoni mwezi huu, Mbezi mwezi ujao, afu kimya miezi mitatu, shabiki atawafuata vipi? Bora ukumbi mmoja mdogo, siku ileile kila mwezi, hata kama mwanzoni wanakuja watu ishirini.

Twende kwenye mitambo, hapa ndo shoo nyingi zinafia. Siku chache kabla mtumieni fundi mitambo meseji: dramu, tumba, besi, magitaa mawili, kibodi, sauti tatu, nani anasimama wapi. Asikutane na tumba siku yenyewe wakati maiki zimeisha. Siku ya shoo fikeni mapema, saundi cheki, kujaribu sauti za vyombo, ianze na dramu, ifuate besi, magitaa, kibodi, sauti ziwe mwisho, afu bendi nzima ipige ule wimbo wenye kelele kuliko yote, sio ule wa taratibu. Na ukumbi mtupu hudanganya, watu wakijaa sauti inamezwa, muwe na mtu wenu katikati ya watu anayempa fundi ishara.

Maiki ikianza kupiga mluzi kila mtu anamgeukia fundi, wakati mara nyingi mwenye kosa ni mwimbaji. Maiki nyingi za kuimbia, ile Shure SM58 ambayo iko kila ukumbi ikiwemo, inasikia mbele, nyuma ni kama kiziwi, ndo maana monita, ile spika inayomrudishia mwimbaji sauti yake, inawekwa kule nyuma yake. Sasa wewe ukiifumbata kile kichwa chake kwa kiganja unaona unapendeza, umeziba zile nafasi za pembeni zinazoifanya isisikie nyuma, inaanza kusikia kila upande mpaka monita, mluzi huo. Shika mpini. Na ukishuka kwenda kucheza na watu usipite nayo mbele ya spika kubwa. Kingine, mpiga gitaa punguza ampu yako, ile spika ya gitaa, jamani, mwimbaji asipojisikia kwenye monita ataomba aongezewe, akiongezewa inalia, mzunguko huohuo usiku kucha.

Begi la bendi: waya za akiba, nyuzi, betri za pedali, tyuna ya kubana kwenye gitaa, ekstensheni, tepu, tochi. Nyuzi mpya fungeni jana yake mzipige zinyooke, ukifunga saa moja kabla ya shoo zitakuwa zinashuka kila wimbo. Uzi ukikatika katikati ya wimbo hamna kusimama, kibodi anachukua solo, mwenye gitaa anatoka kufunga mwingine, hilo nalo mlifanyie mazoezi. Umeme ukikatika zimeni ampu na kibodi kabla jenereta haijawashwa, ule umeme wa kwanza unaua vyombo, na wakati huohuo tumba, dramu na sauti zisinyamaze. Wekeni wimbo mmoja wa kuitikiana maalum kwa ajili ya giza, niamini, watu watakuja kuusimulia huo kuliko shoo nzima.

Hela kwa kifupi. Makubaliano yawe ya maandishi, hata WhatsApp, ni malipo ya mkupuo au ni mlango, yaani mgao wa viingilio. Kama ni mlango, mtu wenu akae mlangoni na tiketi zenye namba. Sisi kuna ukumbi ulijaa mpaka watu wamesimama, mwisho wa usiku tukaletewa hesabu ya watu wachache kuliko waliokaa meza za mbele tu, na hatukuwa na pa kubishia. Usajili wa BASATA, baraza la sanaa la taifa, na kibali cha afisa utamaduni muulizane mapema na mwenye ukumbi nani anashughulikia nini. Na hela za kutunzwa, jamani, semeni kabla: ni za aliyetunzwa au za bendi? Bendi zinavunjika kwa noti za elfu mbili.

Mashabiki sasa. Wafuasi elfu tano wa Instagram sio watu elfu tano, wengine wako Kigoma na shoo iko Sinza. Mnachotaka ni namba za waliokuja. Kosa ni kuomba mwishoni watu wakiwa wanatafuta bodaboda. Ombeni katikati, baada ya wimbo ulionoga: mwimbaji ataje namba ya bendi, watu waisevu, watume jina lao na mtaa wanaotoka, kesho watumiwe rekodi ya ule wimbo wa usiku huu. Afu kweli mtume. Kusevu ni muhimu maana ile orodha ya matangazo ya WhatsApp inachukua watu 256 na meseji inamfikia aliyekusevu tu, asiyekusevu haioni.

Mkishakuwa na majina yatumieni kwenye sebene kama walivyofanya wazee, "Mama Neema wa Tandika upo?", na msitaje wanaotunza peke yao, mtajeni na yule kijana anayekuja kila mara na soda moja. Video wekeni sekunde thelathini watu wakiitikia, inavuta kuliko mwimbaji amefumba macho. Ila mkamateni mtu arekodi na shoo nzima, sauti isikike vizuri, kwa sababu matamasha kama Sauti za Busara kule Zanzibar, lipo tangu 2004, yanataka bendi inayopiga laivu, plebeki, yaani kuimbia juu ya muziki uliorekodiwa, hapana, na ushahidi wenu ni hiyo video.

Posta ya shoo iwe na siku, tarehe, ukumbi, mtaa, kiingilio, na saa bendi inapanda kweli. Mkiandika saa mbili mkapanda saa nne, mwenye kazi asubuhi hamtamuona tena. Na tarehe ya shoo inayofuata tangazeni kabla ya wimbo wa mwisho, watu wakiwa bado wamesimama.