Kupiga picha ya mwezi ukichomoza nyuma ya ngalawa, Jambiani

Pwani ya mashariki ya Unguja inatazama bahari wazi, hivyo mwezi mpevu hutoka majini mbele yako huku jua likizama mgongoni. Beba lenzi ya milimita 400 hivi na stendi imara.

1. Chagua siku

Usiishie kuuliza mwezi kumi na nne ni lini. Tafuta jioni ambayo mwezi unachomoza dakika zisizozidi 20 kabla au baada ya jua kuzama. Kesho yake huchelewa dakika 50 hivi, na giza la huku huingia upesi: utapata ngalawa nyeusi tii na taa nyeupe isiyo na madoa. PhotoPills, programu ya simu ya wapiga picha, itakuonyesha saa na upande. Juni mwezi mpevu hutokea kusini kidogo ya mashariki, Desemba kaskazini kidogo.

2. Kaa mbali na chombo

Kazi yote iko hapa. Lenzi hukuza mwezi na ngalawa kwa pamoja. Kinachoufanya mwezi uonekane mkubwa mbele ya chombo ni umbali wako na hicho chombo. Zidisha urefu wa kitu kwa 115. Mlingoti wa mita 6 utalingana na mwezi ukiwa umbali wa mita 690, kwa hiyo achana na ngalawa iliyo miguuni pako, tafuta iliyotia nanga kule nje.

Mwezi ukitokea kushoto ya mlingoti, sogea kulia. Kwa umbali huo, mita 6 za mchanga ni sawa na upana mzima wa mwezi. Una kama dakika mbili tu kabla haujapanda kiasi cha upana wake, basi ondoa vikwazo njiani mapema. Bahati nzuri ni bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu: maji hujaa mnamo saa kumi alasiri, na jua likizama yanapwa, ufukwe unakuachia nafasi.

3. Weka kamera

Anza na f/8 (uwazi wa lenzi), ISO 400 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), kasi ya 1/60 ya sekunde. Fokasi kwa mkono kwenye mlingoti, ukiukuza kwenye skrini. Kwa f/8 na umbali ule, mwezi nao utatoka mkali. Tumia taima ya sekunde 2. Giza likiongezeka pandisha ISO, usipunguze sana kasi, maana ngalawa inayumba.

4. Subiri

Mara nyingi kuna ukanda wa mawingu juu ya bahari, mwezi ukachelewa kuonekana. Usifunge mkoba. Ukishapanda juu mno kwa lenzi ndefu, vaa fupi upige ufukwe na mng'ao wa majini; wanaorudi kutoka kuvua uwaombe ruhusa kwanza.